Chupa ikiingia kwenye pipa lake, joto la dunia hupunguaje?

*Swali: Nafundisha watoto wa miaka tisa na kumi. Muhula huu tuna mada ya taka na tabianchi. Tumeweka mapipa ya rangi, tumetunga wimbo, na madarasa yanashindana kukusanya chupa za plastiki. Juzi mtoto mmoja akaniuliza: "Mwalimu, nikitia chupa kwenye pipa lake, joto la dunia linapunguaje?" Nikamjibu kwamba taka zinatoboa tabaka la ozoni, ila hata mimi sikuridhika na jibu langu. Mwingine akadakia kwamba baba yake anasema taka zote huishia jalala moja, kwa hiyo tunajichosha bure. Na yupo binti mmoja ambaye tangu tuanze mada hii halali vizuri. Mama yake ameniambia mtoto anaogopa dunia itaungua. Nifundishe nini, na kwa kiasi gani, nisiwadanganye wala nisiwatishe?*

Mwalimu, mtoto aliyekuuliza hivyo amegusa kiini cha mada nzima, na si ajabu jibu lilikwama. Mabango mengi ya mazingira huruka hapo hapo. Upande huu kuna pipa la kijani, upande ule kuna sayari inayotabasamu, katikati hapana kitu. Mtoto wa miaka tisa ana akili ya kutosha kuliona pengo hilo. Anataka kujua nini kinasababisha nini, na tukimpa kaulimbiu badala ya sababu ataikariri mpaka mtihani upite, kisha basi.

Naona mambo matatu katika swali lako: uhusiano wenyewe wa taka na tabianchi, shaka ya yule baba, na hofu ya binti. Nianze na ozoni, maana hiyo yafaa irekebishwe mapema kabla haijaota mizizi.

Taka hazitoboi tabaka la ozoni. Tabaka hilo liko juu sana angani na kazi yake ni kuchuja sehemu ya mionzi ya jua inayounguza ngozi na kudhuru macho. Lilidhoofishwa na kemikali za klorofluorokaboni zilizotumika kwenye majokofu, viyoyozi na makopo ya kupuliza. Upungufu mkubwa wa ozoni juu ya Antaktika ulitangazwa mwaka 1985, na mwaka 1987 ikasainiwa Itifaki ya Montreal ya kuziondoa kemikali hizo hatua kwa hatua. Tangu hapo tabaka limeanza kupona, polepole. Kupanda kwa joto la dunia ni habari nyingine yenye sababu nyingine. Kuzichanganya habari hizi mbili ni jambo la kawaida sana, hata kwa wanafunzi wakubwa na watu wazima, kwa hiyo usijilaumu. Rudi tu darasani useme waziwazi kwamba jibu la juzi halikuwa sahihi. Watoto wakimwona mwalimu akisahihisha jibu lake mwenyewe, nao hujifunza namna sayansi inavyokwenda. (Upo uzi mwembamba unaoziunganisha: klorofluorokaboni nazo ni gesijoto, yaani gesi zinazopandisha joto la dunia, na jokofu la zamani likipasuliwa ovyo huvujisha gesi yake. Kwa umri wa watoto wako si lazima kufika huko.)

Kinachopandisha joto ni hiki. Mwanga wa jua hupita hewani na kuipasha ardhi na bahari, nazo hulitoa joto hilo kurudi juu. Baadhi ya gesi zilizomo hewani hulinyonya linapotoka na kurudisha sehemu yake chini. Waambie wafikirie blanketi: lenyewe halina moto, linachofanya ni kuchelewesha joto la mwili lisitoke haraka. Blanketi hili la gesi tunalihitaji, kwa kuwa bila hilo sehemu kubwa ya dunia ingeganda. Tatizo ni kwamba tumeliongezea unene. Kabla ya zama za viwanda, katika kila sehemu milioni za hewa, sehemu kama 280 zilikuwa hewa ya ukaa, yaani kabonidioksidi. Leo zimepita 420, na chanzo kikuu ni kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia. Gesi ya pili kwa umuhimu miongoni mwa zile tunazoziongeza ni methani. Nitairudia, kwa sababu kwenye mada ya taka yeye ndiye mhusika mkuu.

Kabla sijaendelea: lipo jaribio maarufu la mitungi miwili chini ya taa, mmoja umejazwa hewa ya ukaa iliyotengenezwa kwa siki na magadi. Liache. Mtungi wenye ukaa ukipata joto zaidi, mara nyingi ni kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haizunguki kirahisi kulitoa joto nje. Jibu linatoka zuri kwa sababu isiyo yake, na watoto wanaondoka wakiamini wameona kitu ambacho hawakukiona.

Sasa chupa iko wapi katika habari hii? Chupa iliyolala pipani haiongezi joto la dunia kwa kiasi cha kuhesabika, na iliyolala mtaroni vilevile. Plastiki haiozi kwa urahisi. Hukaa miaka mingi, huziba mifereji, humezwa na samaki na mifugo, humomonyoka kuwa chembe ndogo zinazopatikana kuanzia vilele vya milima hadi vilindi vya bahari. Madhara hayo ni makubwa na ni haki kuyafundisha, lakini huo ni uchafuzi. Uchafuzi ni tatizo moja, joto ni tatizo jingine, na vitabu vingi vya watoto huyatia kapu moja. Hapo ndipo mwanafunzi wako alipokwama: alitazama chupa na jua, akatafuta kamba inayoviunganisha, hakuiona.

Kamba hiyo ipo, ila imefichika mahali pawili. Pa kwanza ni kiwandani, kabla kitu hakijafika mkononi mwa mtoto. Pa pili ni chini ya lundo la jalala, baada ya kitu kumtoka mkononi na kuanza kuoza pasipo hewa. Kama muhula mzima utafundisha hayo mawili tu na yakaeleweka, utakuwa umewapa watoto kitu ambacho watu wazima wengi hawana.

Kwa habari ya kiwandani, usianze na plastiki. Anza na kopo la alumini, maana hadithi yake ni safi na tofauti yake ni kubwa. Alumini hutoka kwenye boksiti, mwamba mwekundu unaochimbwa, kusagwa na kusafishwa kwa kemikali mpaka ibaki unga mweupe. Kwa makadirio ya kawaida, tani moja ya alumini huhitaji tani nne hadi tano za boksiti. Unga huo huyeyushwa ndani ya madini mengine yenye joto la karibu nyuzi 960 za Selsiasi, kisha umeme mwingi hupitishwa humo ili kuing'oa oksijeni iliyong'ang'ania alumini. Kilo moja ya alumini hutumia umeme wa takriban kilowati-saa 14. Mahali ambapo umeme unatokana na makaa ya mawe, huo ni moshi mwingi kwa kilo moja tu. Kopo lililokwisha kuwa alumini kazi hiyo imeshafanyika. Huyeyushwa tu kwenye nyuzi 660 na kumiminwa upya, na nishati inayookolewa hufika asilimia 95. Kwa hiyo mtoto akiuliza "linapunguaje", jibu la kopo ni hili: hatuhitaji kuchoma vyote vilivyochomwa mara ya kwanza. Joto lililokwisha kuongezeka halipungui. Tunachokwepa ni kuongeza jingine. Lisisitize hilo, kwa sababu watoto hudhani pipa linanyonya joto kutoka hewani.

Vitu vingine vina hadithi za namna hiyo, kila kimoja kwa kiasi chake. Chuma cha pua na chuma cha kawaida hurejelezwa, yaani hutengenezwa upya, vizuri na kuokoa nishati nyingi. Karatasi hurejelezwa mara chache, kama tano hadi saba, kabla nyuzi zake hazijawa fupi mno. Kioo hurejelezwa bila kuchoka, lakini tanuri la kioo huhitaji nyuzi kama 1,500 hata ukitia vipande vya kioo cha zamani, kwa hiyo nafuu yake si kubwa kama ya alumini. Chupa ya kioo inayooshwa na kujazwa tena, ikiwa haisafirishwi mbali sana, huishinda ile inayopondwa na kuyeyushwa. Mtoto akielewa kwa nini kuosha ni bora kuliko kuyeyusha, ameshaelewa kwa nini kutumia tena hutajwa kabla ya kurejeleza, na hutahitaji kumkaririsha orodha.

Plastiki ni ngumu zaidi, na hapa baba wa mwanafunzi wako ana hoja. Watafiti waliopiga hesabu ya plastiki yote iliyowahi kutengenezwa duniani hadi mwaka 2015 walikuta kwamba, kati ya ile iliyokwisha kuwa taka, karibu asilimia 9 tu ndiyo iliyorejelezwa. Asilimia kama 12 ilichomwa, na iliyobaki ilirundikwa majalalani au ikazagaa. Hata ile alama ya mishale mitatu yenye namba ndani, kuanzia 1 hadi 7, si ahadi ya kurejelezwa. Namba hizo zilianzishwa na sekta ya plastiki nchini Marekani mwaka 1988 kutambulisha aina ya plastiki. Namba 1, ya chupa nyingi za maji, na namba 2, ya madumu na chupa ngumu za sabuni, hupata wanunuzi sehemu nyingi. Namba 6, na mifuko laini iliyochafuka, mara nyingi haitakiwi na mtu. Wape watoto kazi ya kutafuta namba hizi chini ya vyombo na kuvipanga. Wataipenda, na watagundua wenyewe kwamba "plastiki" si kitu kimoja.

Kwa hiyo usimwambie yule mtoto kwamba baba yake amekosea. Mwambie baba ameuliza swali zuri, na kwamba darasa litakwenda kulitafutia jibu. Tafuta ana kwa ana mtu anayenunua au kukusanya taka eneo lenu, awe ofisa wa usafi, mwenye ghala la chuma chakavu au waokotaji wenyewe, ambao mara nyingi ndio wanaojua kuliko wote. Muulize anachukua nini hasa, anakataa nini, na akishachukua kinakwenda wapi. Kama jibu ni kwamba karatasi na makopo hununuliwa lakini vikombe vya plastiki hutupwa, yatengeneze mapipa yenu kwa kufuata ukweli huo. Pipa la rangi ambalo mwisho wa siku humwagwa pamoja na mengine huwafundisha watoto kwamba watu wazima wanaigiza, na somo hilo hawalisahau.

Nije sasa kwenye kinachooza, ambako kwa maoni yangu mwalimu wa shule ya msingi anapaswa kutumia muda mwingi zaidi, ingawa mapipa ya chupa ndiyo hupendeza kwenye picha.

Mabaki ya chakula yakioza mahali penye hewa ya kutosha, vijidudu huyala na kutoa hewa ya ukaa, ileile ambayo mmea uliivuta ulipokuwa unakua. Hesabu yake karibu inajirudia sawa. Lakini mabaki hayohayo yakifukiwa chini ya mita kadhaa za taka, oksijeni huisha, na kazi huchukuliwa na vijidudu vingine visivyohitaji hewa. Hao hutoa methani. Kwa muda wa miaka 100, kilo moja ya methani hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko kilo ya hewa ya ukaa. Ukipima kwa miaka 20 tu, ni zaidi ya mara 80. Habari njema ni kwamba methani hudumu hewani kwa miaka kama 12 tu, kwa hiyo tukiipunguza leo, nafuu yake huonekana ndani ya umri wa hao watoto ulionao. Taka, pamoja na majitaka, hutoa karibu asilimia 20 ya methani yote inayotokana na shughuli za binadamu.

Na kabla hata ya kuoza, chakula hicho kililimwa, kikanyweshwa, kikatiwa mbolea, kikasafirishwa, pengine kikahifadhiwa kwenye ubaridi. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba mwaka 2022 tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa na kaya, mikahawa na maduka, takriban asilimia 19 ya chakula kilichowafikia walaji. Kaya peke yake zilitupa tani milioni 631. Chakula kinachopotea na kutupwa, kuanzia shambani hadi sahanini, huhusishwa na asilimia 8 hadi 10 ya gesijoto zote duniani. Hapa mtoto ana uwezo halisi, kwa sababu sahani ni yake. Hawezi kuamua kiwanda kitumie umeme gani, lakini anaweza kuomba kiasi anachokimaliza na kuongezewa akihitaji.

Angalizo la jaribio: walimu wengi huvisha puto mdomo wa chupa yenye tunda lililopondwa, na puto likivimba husema "hiyo ni methani". Siku za mwanzo puto hilo limejaa zaidi hewa ya ukaa kutokana na uchachu. Vijidudu vya methani huchukua muda mrefu kushika kazi na huhitaji mahali pasipo oksijeni kabisa. Fanya jaribio, ni zuri kuonyesha kwamba kinachooza hutoa gesi isiyoonekana, lakini ipe gesi jina lake. Usifunge chupa ya kioo kwa kifuniko kigumu, inaweza kupasuka, na usisogeze moto karibu. Lililo bora zaidi, kama mna kipande cha uwanja, ni mashimo mawili: moja la mboji linalopinduliwa kila wiki, jingine la mabaki yaliyoshindiliwa na kuloweshwa maji. Baada ya wiki kadhaa, fukua yote mawili. Pua za watoto zitatofautisha kabla hujasema neno.

Kuhusu mashindano ya chupa, nakushauri uyasimamishe, au uyageuze kichwa chini. Darasa linaloshinda ni lililoleta chupa nyingi, na mtoto mwerevu atagundua upesi kwamba njia ya kushinda ni nyumbani kununuliwe vinywaji zaidi vya chupa. Umeandaa mchezo unaozawadia taka! Badala yake, pimeni mabaki ya chakula ya darasa kwa siku tano kwa mizani ya kawaida na kuandika ubaoni. Kisha waacheni watoto wapendekeze mabadiliko mawili au matatu, wayajaribu, wapime tena. Anayeshinda ni mwenye kilo chache. Humo kuna hesabu, kuna grafu, na kuna ushahidi ambao hawakuusoma kwenye bango. Namba zisiposhuka, ndipo mazungumzo yanaponoga: je, chakula hakikupendwa, au muda wa kula ulikuwa mfupi? Mara nyingi sababu haiko kwa mtoto hata kidogo.

Jihadhari pia na mtego wa kununua vitu vipya kwa jina la mazingira. Wakala wa Mazingira wa Uingereza, katika tathmini yake ya mwaka 2011, ulikuta kwamba mfuko wa pamba unapaswa kutumika mara 131 ndipo mzigo wake kwa tabianchi ulingane na ule wa mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. Hiyo haina maana turudi kwenye plastiki, kwa sababu uchafuzi nao una gharama yake. Maana yake ni kwamba mfuko bora ni ule ambao tayari mnao, na utumike mpaka uchanike. Mtoto aliyeandika kwenye daftari lililobaki nusu mwaka jana amefanya zaidi ya aliyenunuliwa daftari jipya lenye picha ya jani.

Usikuze mambo kuliko yalivyo. Kutengeneza kilo moja ya plastiki ya chupa hutoa gesijoto za kilo kama 2 hadi 3. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Kwa hiyo gunia dogo lenye kilo moja ya chupa tupu, ambazo ni hamsini au zaidi za nusu lita, liko kwenye kundi moja na lita moja ya petroli, na kuzirejeleza huokoa sehemu tu ya hiyo. Gari likiwashwa makusudi kulipeleka gunia hilo mbali, faida imeliwa njiani. Ukiwaambia watoto kwamba chupa zao zinaiokoa dunia, wakubwa wao watawacheka, nao wataacha kukuamini hata kwenye yaliyo kweli. Waambie kwamba kazi kubwa ni ya jinsi umeme unavyozalishwa, watu wanavyosafiri, viwanda na mashamba yanavyoendeshwa, na kwamba watu wazima wanawajibika nayo. Taka ni sehemu moja ya kazi hiyo, ndogo lakini ya kweli, na ndiyo iliyo karibu na mikono yao.

Pengine atatokea mtoto wa kupendekeza taka zichomwe ili zisioze. Mjibu bila kumcheka: plastiki imetengenezwa kwa mafuta na gesi, kwa hiyo kuichoma ni kama kuchoma mafuta, na moshi wa moto wa uwanjani una masizi na sumu zinazoingia kifuani papo hapo. Ukaguzi wa taka darasani nao uwe na mipaka. Watoto washike tu taka za darasa lao, kwa glovu, na waoshe mikono. Sindano, dawa, betri, vioo vilivyovunjika na vyombo vya kemikali wasiviguse. Wamwite mtu mzima. Jalalani msiwapeleke. Kama mnataka waone, aje mfanyakazi wa huko kuwasimulia.

Yule binti nimemwacha mwisho kwa sababu yeye si suala la mtaala. Hofu yake si ya ajabu: uchunguzi wa mwaka 2021 uliohoji vijana 10,000 wa miaka 16 hadi 25 katika nchi kumi ulikuta asilimia 59 wana wasiwasi mkubwa au mkubwa mno kuhusu tabianchi. Lakini wao ni wakubwa, wana maneno ya kuielezea. Mtoto wa miaka tisa akisikia "dunia inaungua" huona ndimi za moto dirishani. Keti naye peke yake na umuulize anafikiri nini kitatokea, na lini. Msikilize mpaka amalize ndipo usahihishe. Mweleze kwamba dunia haitawaka kama karatasi. Joto linapanda kidogo kidogo, linaleta ukame, mafuriko na siku za joto kali mahali pengi, na watu wengi sana wanafanya kazi ya kulizuia lisizidi na kujilinda nalo. Usimwambie "hakuna tatizo", kwa kuwa ameshajua kwamba lipo, na atabaki peke yake na anachokijua. Mpe kazi yenye mwanzo na mwisho, kama kusimamia shimo la mboji na wenzake wawili, lakini isiwe kazi ya kumtuliza tu wala ya kumbebesha wokovu wa dunia.

Darasani ondoa picha za moto na wanyama wanaokufa kwa umri huu, na usimpe mtoto yeyote jukumu la kuwakaripia wazazi wake. Watoto huwashawishi wazazi bila kukaripia. Utafiti uliofanyika North Carolina, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto wa miaka 10 hadi 14 waliofundishwa tabianchi waliwaongezea wazazi wao kujali jambo hilo, hasa akina baba na wazazi wa mrengo wa kihafidhina, na mabinti ndio waliofaulu zaidi. Walifanya mahojiano na wazazi wao nyumbani. Waliuliza maswali, hawakuhubiri.

Mama yake mwambie hivi. Apunguze habari za maafa zinazosikika nyumbani karibu na muda wa kulala, akubali kuulizwa swali lilelile mara nyingi, na aangalie kwa wiki mbili hivi. Usingizi ukirudi na mtoto akawa anacheza kama zamani, inatosha. Akiendelea kukosa usingizi, akikataa kula, akilalamika tumbo au kichwa kila asubuhi ya shule, au akijitenga na wenzake, ampeleke kwa mshauri wa watoto au daktari, maana huenda tabianchi ndiyo iliyopata jina tu, na kinachomsumbua ni kingine. Na akisema maneno ya kutotaka kuishi, asisubiri hizo wiki mbili. Aende naye siku hiyohiyo.